Maswali Yenu ya Jikoni: Karanga Zimechemka Usiku Kucha na Bado Ngumu

Toleo lililopita nlitaja kwa mistari minne tu kwamba hapa Georgia, Marekani, huwa nachemsha karanga na maganda yake kwenye slo kuka, lile jungu la umeme linalopika taratibu, basi barua zilizoingia sikuzitegemea kabisa na nyingi ni za watu waliopika zikawaharibikia. Kwa hiyo toleo hili lote ni la karanga. Majina nimeyaficha, nimebakiza miji tu.

Swali: Shikamoo Shangazi. Mi niko Greenville, South Carolina, nina miaka miwili hapa. Mwaka jana mwezi wa tisa tulisimama njiani kuna mzee anauza karanga za kuchemsha toka kwenye sufuria kubwa, nilivyoonja nikakumbuka nyumbani Singida nikakaribia kulia. Wiki iliyopita nikanunua karanga mbichi zenye maganda supamaketi, nikatia kwenye slo kuka yangu ya Crock-Pot na maji na chumvi, LOW masaa nane kama ninavyopikaga nyama. Asubuhi ngumu kama mawe, nikaongeza masaa manne, bado. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Kosa liko kwenye hilo neno "mbichi" na ni Kiswahili chetu ndo kimekuponza. Sisi karanga yoyote ambayo haijakaangwa tunaiita mbichi. Iliyong'olewa jana shambani udongo bado umeishika, mbichi. Iliyoanikwa juani, ikatiwa gunia, ikakaa ghalani miezi sita, nayo mbichi, ilimradi haijaona moto. Kwa mpishi hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa, maana ile iliyotoka ardhini inakuwa na maji theluthi moja mpk nusu ya uzito wake, wakati ile ya ghalani imekaushwa mpk imebaki na maji asilimia 10 au chini ya hapo, bila hivyo ingeota ukungu. Yule mzee wa barabarani alikuwa anachemsha za shambani, msimu wake huku Kusini ni kama mwezi wa nane mpk wa kumi, na pakiti yake huandikwa GREEN. Sio kwamba ni za kijani, rangi yake ni ile ile ya udongo, maana yake hazijakaushwa. Zako za supamaketi bila shaka ziliandikwa RAW, hizo ni kavu. Na siku ukikuta ROASTED hizo tafuna hivyo hivyo, iliyokaangwa haigeuki laini hata uichemshe wiki.

Sasa naomba kila anayesoma safu hii leo akishike hiki kitu kimoja kwa sababu kitajibu nusu ya maswali yenu: karanga haiko ukoo mmoja na korosho wala lozi, karanga ni jamii ya kunde. Ni ndugu yake maharage na njegere, ila yenyewe ikishatoa ua inajifukia ardhini ndo inazaa humo. Ukiiangalia kama maharage makavu utajua mwenyewe cha kufanya, nani anatia maharage makavu kwenye moto mdogo usiku bila kuloweka akategemea asubuhi yameiva?

Na hilo jungu lenyewe lilizaliwa kwa ajili ya maharage, mjue. Alilibuni Irving Naxon wa Chicago, akapewa hati ya ubunifu mwaka 1940, na wazo lilitoka kwa mama yake aliyemsimulia jinsi Wayahudi wa kwao Lithuania walivyokuwa wanapeleka chungu cha maharage na nyama kwenye tanuri la muoka mikate siku ya Ijumaa kabla Sabato haijaingia, kinakaa humo usiku kucha kwa joto lililobaki na kesho yake chakula kiko tayari bila mtu kugusa moto. Kampuni ya Rival ikamnunua mwaka 1970, na 1971 wakalitoa kwa jina la Crock-Pot. Kwa hiyo ukitia karanga humo umekitumia chombo kwa kazi yake halisi.

Mi nafanya hivi. Nachukua paundi 2 za karanga kavu na maganda, yani kama gramu 900, naziosha maji matatu mpk manne huku nazisugua kwa viganja mpk maji yawe meupe, ganda lina mikunjo na mchanga unajificha humo na ukiacha utauhisi menoni. Naloweka usiku kucha. Zitaelea zote, usizitupe ukidhani ni bovu, karanga kavu ina hewa ndani ya ganda, weka sahani juu izikandamize. Asubuhi namwaga yale maji, nazitia kwenye slo kuka kubwa ile ya karibu lita 6, naweka maji lita 3 hivi mpk yazipite kwa vidole viwili, chumvi ya mezani nusu kikombe cha kupimia, sahani tena juu, mfuniko, naweka HIGH. Narudia, HIGH. Kwenye majungu mengi LOW na HIGH mwisho wake zinafika joto linalokaribiana, tofauti ni kwamba LOW inachukua masaa mengi sana kufika huko, na kwa karanga kavu hayo masaa ni ya kupoteza tu.

Kavu zilizolowekwa zinachukua masaa 18 mpk 24. Za shambani hazihitaji kuloweka na zinaiva masaa 8 mpk 12. Najua masaa 24 yanatisha ila ndo ukweli wenyewe, na wala hukai hapo kuangalia, unachofanya ni kila baada ya masaa manne matano kuchungulia na kuongeza maji ya moto kama yamepungua. Yawe ya moto. Ukimwagia maji ya bomba baridi umerudisha upishi nyuma saa nzima na jungu la udongo linaweza kupata ufa. Kuonja usitoe moja, toa tatu toka sehemu tofauti, ya juu, ya kati na ya chini, menya weka punje ulimini uibonyeze na kaakaa bila kutumia meno, ikipondeka kama haragwe imeiva, ikikatika kwa sauti bado. Kuna wanaozipenda zikiwa bado na ugumu kidogo na kuna wanaotaka ziwe karibu uji, hapo ni mdomo wako.

Hizo zako usizitupe kama zimekaa kwenye jungu la moto muda wote. Ongeza maji ya moto, HIGH, uzipe masaa mengine 10 mpk 12. Na siku una haraka tumia presha kuka ya umeme, zilizolowekwa zinaiva kwa saa moja na nusu hivi kisha unaacha presha ishuke yenyewe, ladha inakuwa nzuri tu ila ule mchuzi haunogi kama wa taratibu, huo ni msimamo wangu na sibadiliki.

Swali: Da Shangazi habari. Niko Houston. Zangu zimeiva vizuri laini kabisa, shida ni chumvi, ganda linauma ulimi kwa chumvi lakini punje ndani haina ladha. Nilifuata maelezo ya Wamarekani, kikombe kizima. Halafu mama mkwe anasema chumvi ukiitia mwanzo ndo inafanya zigome kuiva, ni kweli?

Jibu: Nzuri mdogo wangu. Nianze na la mama mkwe kwa heshima zote, hata bibi yangu alituaminisha hivyo hivyo kwenye maharage, lakini sio chumvi inayogomesha. Kinachogomesha ni maji magumu, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika, yana kalsiamu na magnesi ambazo zinaikaza ile nyama ya punje isiachie. Chumvi ya kawaida inasaidia kuilegeza, so itie mwanzo bila wasiwasi. Kama unaishi sehemu ya maji magumu na karanga zako hazilainiki hata siku ya pili, tia magadi soda robo kijiko cha chai, usizidishe, ukizidisha zinakuwa na ladha ya sabuni.

Sasa la punje kukosa ladha. Umezitoa kwenye maji mara tu zilipoiva, sivyo? Hapo ndo penyewe. Karanga inakunywa chumvi vizuri wakati inapoa. Zikishaiva zima jungu, ziache ndani ya maji yake hayo hayo ya chumvi saa moja mpk mbili, sio zaidi, halafu zihamishie kwenye friji zikiwa bado na maji yake. Zinazama zenyewe chini, utaziona, iliyokuwa inaelea ikizama ujue ganda limejaa mchuzi. Kesho yake zionje. Mi za siku ya pili ndo nazipenda kuliko zote, unabana ganda kwa meno ule mchuzi unaruka mdomoni.

Na hicho kikombe kizima uliuliza kikombe cha chumvi gani? Kikombe cha chumvi laini ya mezani kina karibu gramu 290, lakini zile za chengachenga wanazoita kosher kuna aina ambayo kikombe hicho hicho ni gramu 140 hivi tu. Huyo aliyeandika maelezo alikuwa na ya chengachenga wewe ukaweka ya mezani, umeweka mara mbili bila kujua. Nunua mizani ndogo ya jikoni. Gramu 145 kwa lita 3 ndo kipimo changu, ukikuta zimezidi mwaga nusu ya maji weka ya moto yasiyo na chumvi uziache saa moja zitajirudi.

Swali: Binti, mimi ni mzee wa miaka 67 hapa Minneapolis, nina presha. Watoto wanachemsha hizi karanga na mimi nazipenda. Nile au nisile?

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Karanga yenyewe haina shida na wewe, shida ni yale maji. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, na bakuli dogo la karanga za chumvi ya kawaida, kama gramu 100 zilizomenywa, linabeba karibu gramu 2 peke yake kabla hujanywa ule mchuzi wa kwenye ganda. Waambie watoto wachemshe zako pembeni bila chumvi, watie tangawizi iliyopondwa, kitunguu thaumu na pilipili manga nzima, na ukishamenya kamulia ndimu. Usiwe unafyonza ganda. Na siku ya kliniki mwambie daktari wako kwamba unazila, hasa kama kuna dawa za presha unatumia.

Swali: Jambo mama. Miye ni mukongomani wa Bukavu, tuko huku Clarkston na watoto. Ku kazi yangu kuko mama moja mweusi wa hapa, muzee, alileta karanga za kuchemsha akaniambia jina yake ni goober. Nikashangaa, juu bantu ba Kinshasa banaitaga karanga nguba. Ni neno moja ao najidanganya?

Jibu: Jambo sana mama, karibu, na hujidanganyi hata kidogo. Hii barua niliisoma mara tatu kwa furaha. Goober ni nguba. Neno limetoka kwenye Kikongo likavuka bahari midomoni mwa watu waliokamatwa wakauzwa utumwani, wengi wao toka pwani ya Kongo na Angola, wakashushwa Charleston na bandari nyingine za huku. Na lipo lingine, pinder, wazee wa South Carolina walikuwa wanalitumia kwa karanga hizi hizi, hilo nalo linatoka kwenye mpinda ya Kikongo.

Cha ajabu ni kwamba karanga yenyewe asili yake sio Afrika. Ni mmea wa Amerika ya Kusini, Wareno ndo waliuleta kwetu miaka ya 1500. Lakini watu wetu walishakuwa na njugu mawe toka zamani, nazo ni jamii ya kunde inayozaa chini ya ardhi, na zikiwa mbichi zinachemshwa na maganda yake na chumvi, kwa hiyo karanga ilipofika hakuna aliyehitaji kufundishwa, walijua la kufanya. Halafu hao hao wakabebwa kwa nguvu kupelekwa Amerika na ujuzi wao wakaenda nao. Leo Georgia inalima karibu nusu ya karanga zote za Marekani, rais Jimmy Carter mwenyewe alikuwa mkulima wa karanga wa Plains, na mwaka 2006 South Carolina wakaitangaza kwa sheria karanga ya kuchemsha kuwa kitafunwa rasmi cha jimbo. Mi kila nikipita vile vibanda vya barabarani naona ni mkono wa mama zetu ule.

Naomba kitu kimoja mama, mwambie huyo mama wa kazini. Mwambie hivi hivi ulivyoniandikia, kwamba kwenu mpk leo watu wanasema nguba. Inawezekana hajawahi kukutana na mtu wa kumwambia hilo.

Swali: Shangazi za masiku. Niko Dar, Tabata. Kaka amenibebea slo kuka toka Atlanta, mpya kwenye boksi. Nimeshanunua adapta ya plagi Kariakoo. Naweza kuchomeka? Na umeme ukikatika katikati je?

Jibu: USICHOMEKE. Safi, tumesalimiana sasa nisikilize. Adapta inabadilisha umbo la plagi tu, haigusi nguvu ya umeme. Jungu la Marekani limetengenezwa kwa volti 120 na ukuta wako una 230. Chombo cha joto ukikipa volti karibu mara mbili kinavuta nguvu karibu mara nne, jungu la wati 250 linageuka la wati 900, litaungua ndani ya muda mfupi na linaweza kuunguza nyumba. Geuza chini usome kibandiko chake, kama imeandikwa 120V unahitaji transfoma ya kushusha umeme, chukua ya wati 500 kwenda juu maana itakaa masaa mengi na usiibane kwenye kona isiyo na hewa. Ukijumlisha bei ya transfoma na bei ya umeme, wati 250 kwa masaa 20 ni uniti 5, nakushauri kwa moyo mweupe hilo jungu lipe kazi ya supu na maharage, lakini karanga subiri msimu ununue za shambani zenye udongo wake, uzichemshe kwa sufuria ya kawaida. Zinaiva saa moja na nusu mpk mbili. Sisi huku ndo tunahangaika na masaa 24 kwa sababu sehemu kubwa ya mwaka tunapata kavu tu, wewe uko karibu na shamba.

Umeme ukikatika na uko nyumbani hamishia kwenye gesi au mkaa hapo hapo umalizie. Kama zilishaiva zinaweza kukaa kwenye jungu lililozimika mpk masaa mawili. Ila kama ulikuwa kazini, umerudi umekuta saa ya jungu inawakawaka na hujui ulikatika muda gani, mwaga zote. Inauma najua, mwaga.

Swali: Assalam aleikum Bi Shangazi. Mimi niko Muscat, kwetu asili Unguja. Nimeona wapishi wa Marekani wanatia mguu wa nguruwe kwenye njugu za kuchemsha, sisi hatuli. Nataka nitie ndimu, pilipili na tui la nazi humo humo, vipi itakuwa?

Jibu: Waaleikum salaam warahmatullah. Hiyo nguruwe wanaitia kwa ajili ya moshi tu, sio lazima hata kidogo, anayetaka harufu ya moshi atie shingo ya bata mzinga iliyofukizwa, ya halali ipo. Pilipili kavu nzima, tangawizi, thaumu, bizari nzima, vyote vinapendeza sana ila usivitie mwanzo, masaa 20 yanamaliza harufu yote unabaki na maji ya kahawia. Vitie zikibaki kama masaa sita. Ndimu na ukwaju ngoja mpk zimeshaiva kabisa ndo utie, maana kitu kichachu kinakaza punje kama vile maji magumu, hata maharage ukiyatilia nyanya mapema si yanagoma?

Tui usilitie kwenye jungu, kwa masaa yote hayo litakatika lote ubaki na mafuta juu. Nakuomba ujaribu hivi: zikishaiva zimenye vikombe viwili, kaanga kitunguu na bizari ya manjano, tia tui zito, tia hizo punje zitokote taratibu dakika 10 au 15, pilipili moja nzima isipasuke, mwisho ndimu. Ni kunde za nazi hizo hizo ila umeweka njugu badala ya kunde, na zinakubali vile vile kwa wali au chapati. Mi mwezi wa Ramadhani nazipika kila wiki.

Swali: Shangazi mi ni mfanyabiashara mdogo Morogoro, nauza karanga za kuchemsha stendi. Nimepata gunia bei poa sana lakini zingine ndani zina ukungu wa kijani. Nikichemsha masaa mengi si sumu inakufa?

Jibu: Haifi ndugu yangu, na nashukuru umeuliza kabla ya kuuza. Ule ukungu kweli unakufa kwa moto, lakini sumu uliyoiacha, inaitwa aflatoksini, inavumilia kuchemsha na hata kukaanga haiimalizi. Haina ladha utakayoisikia. Mwaka 2004 Kenya, Makueni na Kitui na maeneo ya jirani, watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumu hii hii na 125 wakafa, na huo ni ugonjwa wa ghafla, ukila kidogo kidogo kwa miaka mingi inaleta saratani ya ini. Usizichambue uuze zilizobaki, na usiwape kuku wala mbuzi ukidhani umeokoa hela, sumu inaweza kupita kwenye maziwa na mayai ikarudi kwa watoto.

Wewe unauza na maganda, mteja haoni ndani, ndo maana jukumu lote liko kwako. Siku nyingine kabla hujatoa hela chota konzi toka juu ya gunia, nyingine katikati, nyingine chini, pasua kama 20. Ukikuta punje zenye ukungu, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, au harufu ya stoo yenye unyevu, muachie gunia lake. Bei poa ya karanga mara nyingi ina sababu. Ukinunua nzuri zihifadhi juu ya chaga zisiguse sakafu, na usizitie kwenye mfuko wa nailoni.

Swali: Habari yako Anti. Sisi ni Wakenya tuko Dallas. Nataka kupika githeri, ile ya mahindi na maharagwe, kwa slo kuka na niongeze njugu karanga. Niweke vitu vyote pamoja asubuhi niende job?

Jibu: Nzuri mpenzi. Njugu weka, mahindi weka, ila maharagwe mekundu usiyaweke mabichi kwenye slo kuka hata siku moja. Hapa karanga na ndugu yake wanaachana njia. Yale mekundu makubwa yana sumu ya asili ambayo inataka moto wa kuchemka kweli kweli, na joto la slo kuka linaweza lisifike hapo, joto dogo likaiongezea hata makali. Punje nne au tano mbichi zinatosha kukutapisha na kukuharisha usiku mzima. Loweka masaa matano au zaidi, mwaga maji, weka maji mapya kwenye sufuria ya kawaida yachemke kwa nguvu dakika 30, ndo uyahamishie. Njugu kavu nazo ziloweke usiku huo huo, uzitie zikiwa zimemenywa, punje tupu zinaiva mapema kuliko zenye ganda, zitaenda sawa na mahindi.

Swali: Dada, nimezisahau juu ya meza usiku mzima ndani ya maji yake ya chumvi, asubuhi maji yana povu na utelezi. Chumvi si inazuia zisiharibike?

Jibu: Tupa. Chumvi ya kiasi hicho ni ya ladha, haitunzi chakula. Ungeacha maharage yaliyoiva mezani usiku kucha ungeyala? Kwenye friji zinakaa siku tano mpk saba, friza zinakaa miezi, mi nazigawa kwenye mifuko pamoja na mchuzi wake kidogo. Na wale mnaoniuliza kuhusu kuzifunga kwenye chupa za kioo ziwekwe kabatini, kuchemsha chupa kwenye sufuria ya maji hakutoshi kabisa, karanga haina uchachu na vijidudu vya botulizimu, vile vinavyotoa sumu ya kupoozesha mwili, vinaweza kubaki hai humo, inatakiwa mashine maalumu ya presha ya kufungia chupa. Kama huna, friza.

Swali: Shangazi mwanangu ana miaka miwili na nusu, kila tukila hizi karanga analia anataka. Ni laini sana, nimpe?

Jibu: Nzima usimpe, hata ziwe laini kiasi gani. Mpk afike miaka minne punje ya ukubwa ule inaweza kumkaba, na ngozi yake nyembamba inanata kooni. Zimenye, toa ile ngozi, ziponde na uma ziwe laini kama viazi vya mtoto, ongeza mchuzi wa zile ulizochemsha bila chumvi, mlishe kwa kijiko akiwa amekaa. Kama hajawahi kula karanga ya aina yoyote, au ana ukurutu mkali, au kuna chakula kinamdhuru, ongea na daktari wake kwanza kabla hujamuonjesha, kuchemsha kunapunguza kile kinachowadhuru wenye mzio lakini hakukiondoi. Na ukibeba jungu lako kupeleka kanisani au kwenye sherehe sema kwa sauti kwamba ni karanga, na upakue na kijiko chake chenyewe kisiguse vyakula vingine.